Mashua Niliyoiona Siku ya Merikebu

Vijana wa gatini, nasikia mnataka hadithi za merikebu. Juzi alikuja kwangu yule binti anayeandika vyombo ofisini, akakaa kitako mkekani, akatoa simu yake na kunionyesha picha ya meli ya matanga yenye milingoti mitatu. "Awowe," akaniambia, maana siku hizi Kismayu nzima inaniita babu kwa Kisomali na mimi Mbajuni nimekubali, "ni kweli hizi uliziona kwa macho yako?"

Niliziona. Tatu, katika miaka yote niliyofanya kazi. Mbili naweza kuwaeleza huku nakunywa chai. Ya tatu naona haya kuieleza, na ndiyo nitakayowaeleza, kwa sababu siku ilipopita hiyo mtu mmoja alipoteza mguu wake, na aliyekuwa ameshika darubini ni mimi.

Msinikatize. Mkinikatiza nitapata kisingizio cha kunyamaza, na visingizio nimeshavitumia vya kutosha.

Kazi yangu iliitwa utazamaji. Chekeni, hata mama yangu alicheka. "Wenzio wanalipwa kwa kubeba magunia, wewe walipwa kwa kukodoa macho?" Juu ya ofisi ya marubani palikuwa na chumba cha mbao chenye madirisha pande tatu, na ngazi nyembamba ya kupandia; tulikiita mnara. Ndani mlikuwa na kiti, daftari, darubini yenye jicho moja lililopasuka, na kamba ya kengele. Kamba hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe. Ukiivuta mara moja, rubani anajua kuna meli inakuja, anavaa viatu vyake. Ukiivuta mfululizo bila kuacha, maana yake kuna chombo kimepata taabu baharini, na lanchi inatoka hapo hapo, hata kama mwenyewe yuko chooni. Redio za mkononi hazikuwapo. Mvuvi aliyekwama baharini hakuwa na wa kumwambia ila mtu aliyekaa kwenye kile kiti.

Aliyenifundisha kukikalia ni Mzee Lali, mtu wa kisiwa cha Chovai, nahodha aliyechoka kuisafiri bahari akaamua kuitazama. Jicho lake la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho, jeupe kabisa, na bado alikuwa akiona kuliko sisi sote. Siku yangu ya kwanza aliniweka dirishani akaniuliza naona nini. Nikasema naiona meli ya ndizi, ile pale, kubwa.

"Lo! Ile hata kuku anaiona," akasema. "Kikubwa hujionyesha chenyewe. Wewe unalipwa kwa ajili ya kidogo."

Akanikataza kuanza na darubini. Alisema darubini ni kama kuchungulia kwenye tundu la ufunguo, utakiona vizuri kitu kimoja na mwizi apite nyuma yako. Anza na macho matupu. Igawe bahari vipande, upite kipande kimoja kimoja kama mwanamke anayechambua mchele, na ukiona kitu kinachokukera ndipo unyanyue darubini. Na uanze na ule upande wa jua, kwa sababu ndio upande ambao macho yako yatautafutia sababu ya kuuruka. Ninyi sasa mna vioo vya kuonyesha vyombo vyote kwa vidoti vya rangi. Vizuri. Lakini mashua ya mbao isiyo na mashine haina kidoti. Bado inahitaji mtu wa kuichambua.

Halafu akanifundisha nguo. Hili lishikeni, maana ndilo hadithi yote. Nguo ikipungwa kwa mkono ni salamu. Nguo ikifungwa juu ya mlingoti na tanga limejaa upepo, hao ni maharusi wanavushwa kutoka kisiwa kimoja kwenda kingine, waache wapite. Nguo ikifungwa kwenye kasia, kasia likasimamishwa nyuma ya chombo, na tanga likawa chini, "mchu wangu," yaani mtu wangu kwa Kibajuni chetu, akasema Mzee Lali akinishika sikio kabisa, "hiyo si harusi. Vuta kamba. Usiulize, usingoje, usimwite mwenzio aje aone. Vuta." Kuanzia Kismayu mpaka visiwa vya mwisho, kila mvuvi alijua alama hiyo, na kila mvuvi alijua kwamba bandarini kuna mtu anayeijua.

Msidhani nilikuwa mjinga wa kazi. Makosa ya kijinga niliyafanya mwanzoni nikayamaliza. Nitawapa moja mcheke, maana mbele hakuna kicheko. Mwaka wangu wa kwanza niliona moshi upande wa kaskazini, nikavuta kamba na kupiga kelele, "Meli ya ndizi hiyoo!" Malori yakaitwa kutoka mashambani, yakapanga foleni gatini na ndizi zake, jua likiwaka. Ile meli ikaja, ikapita, ikaenda zake. Ilikuwa ya watu wengine kabisa. Mpaka jioni ndizi zilikuwa zimeiva ndani ya malori, zinanuka mji mzima, na makuli wakala mpaka wakaumwa matumbo. Jina langu ni Famau, lakini kuanzia siku hiyo makuli wakaniita Ndizi Mbivu, na mpaka leo kuna wazee hapa Kismayu hawalijui jina langu jingine.

Na daftari nalo lilikuwa na vituko vyake. Tulianza kuliandika kwa Kitaliano, yaani maneno kama kumi ya Kitaliano tuliyokuwa tukiyazungusha. Kisha Kisomali kikapata maandishi yake, ikaja amri kila kitu kiandikwe Kisomali, na sisi watu wazima na ndevu zetu tukakaa darasani jioni kujifunza herufi. Mzee Lali aligoma. Akawa anachora. Meli ikipita anaichora, na mizigo yake, na bendera yake, na kama nahodha alimtukana anamchora nahodha akiwa na masikio ya punda. Kabiteni wa bandari alitaka kumfukuza akashindwa, kwa sababu michoro ya mzee ilikuwa inasomeka kuliko maandishi yetu.

Alistaafu, akarudi Chovai, akafariki huko. Nikabaki mimi na kiti. Nikaoa sifa kabla ya kuoa mke, kama wanavyosema wenyewe: Famau ana macho, Famau hapitwi na kitu. Nikayaamini.

Sasa merikebu.

Ilikuwa miaka ya sabini, msimu wa kaskazi. Siku tano kabla, habari ilikuja kwa redio ya ofisi kutoka Muqdisho kwamba meli ya matanga, ya zamani, ya kufundishia mabaharia wa nchi ya ng'ambo, ingepita karibu na pwani yetu ikielekea Mombasa. Haingii bandarini. Itapita tu. Kabiteni akaninong'oneza mimi, na mimi nikaunong'oneza mji mzima.

Nilikuwa nimemposa Esha, binti wa Bi Mwanaiki. Bi Mwanaiki alikuwa mjane wa nahodha, mzaliwa wa kisiwa cha Chula, mwanamke mkali wa macho na ulimi, na ingawa ahadi alikuwa ameshaitoa, hakuwa ameridhika sawasawa kwamba mtu anayelipwa kwa kukodoa macho atamlisha binti yake. Nikaona, Alhamdulillahi, hii ndiyo siku yangu. Sheria ilisema mnarani haruhusiwi mtu yeyote ila mtazamaji. Nikamkaribisha Bi Mwanaiki, na Esha, na wajomba zake wawili. Nikafagia ngazi. Nikatandika mkeka. Mle ofisini mlikuwa na kitabu cha Kitaliano chenye picha za merikebu, nikakichukua nyumbani nikajifunza kila tanga linakaa wapi. Mengi hayakuwa na jina kwetu, nikayapa mwenyewe. Lile dogo la juu kabisa nililiita tanga la malaika. Hakuna tanga lenye jina hilo duniani, lakini wajomba watajuaje?

Asubuhi ile mji ulihamia ufukweni. Wanafunzi walitolewa madarasani, wanawake wamejipanga na leso zao, wauza shaah, chai ya Kisomali, wametia moto birika tangu alfajiri. Saa nne kasoro ikatokea. Sitawaficha, ilikuwa kitu cha kuona. Nyeupe tupu, imefungua kila kitambaa ilichokuwa nacho, inakuja bila moshi wala sauti. Watu wakapiga ukelele pwani nzima, leso zikapaa. Na mimi juu, darubini machoni, namwaga elimu. "Lile la mbele ni hili, lile la kati ni lile, tazama mjomba, wale wanaotembea juu ya foromali, ile miti inayoshika matanga, ni mabaharia wanafunzi, na lile la juu kabisa, mama, ndilo tanga la malaika." Esha alikuwa akitabasamu chini ya buibui. Mjomba mmoja akasema, "Masha Allah, huyu ana elimu." Nilijiona nimefika.

Hapo ndipo Bi Mwanaiki, aliyekuwa amekaa dirisha la pili, lile la upande wa visiwa, akasema, "Baba, mbona wale wameshusha tanga?"

Nikageuka. Nikanyanyua darubini.

Vijana, niliona. Nawaambieni leo mbele ya Mungu, niliona kama ninavyouona mkono huu. Mashua moja, mbali kidogo, mkondo unaivuta kusini. Tanga liko chini. Foromali imekatika, kipande kinaning'inia. Mtu mmoja anapiga kasia kwa nguvu na haendi popote. Na nyuma ya chombo, kasia la pili limesimamishwa wima, na juu yake imefungwa nguo nyekundu.

Nilitazama kwa muda wa pumzi mbili. Moyo ukaniambia vuta kamba. Lakini nikivuta, lanchi itatoka, kabiteni atapanda ngazi kuuliza kuna nini, atawakuta wageni wangu mkekani na sambusa zao, na merikebu nayo ilikuwa ndiyo kwanza inafika mbele yetu kabisa. Nikajisemea, kila mtu leo ana nguo mkononi. Hao nao wameipamba mashua yao. Nikajidanganya upesi upesi, kwa sauti nzuri ya mtu anayejua kazi yake: "Wameshusha tanga waitazame merikebu, mama. Na ile nguo ni furaha tu."

Bi Mwanaiki aliitazama tena ile mashua. Mjane wa nahodha, mtu wa Chula, alama ile aliijua kabla sijazaliwa. Kisha akasema, "Haya. Mwenye darubini ni wewe."

Nikarudi kwenye merikebu.

Ilipita taratibu, nusu saa nzima, labda zaidi. Ilipoanza kuwa ndogo nikarudi dirisha la visiwa na macho matupu, kama alivyonifundisha mzee, kipande kwa kipande. Mashua haikuwapo. Mkondo ulikuwa umeshaipitisha nyuma ya rasi. Na hapa ndipo aibu yangu kubwa ilipo, si pale kwanza. Pale kwanza naweza kusema nililewa. Hapa nilikuwa nimelevuka. Kamba ilikuwa mbele yangu, lanchi ilikuwa chini imefungwa, imejaa mafuta. Ningevuta wakati ule wangewakuta. Lakini wangeniuliza: umewaona saa ngapi, Famau? Nikaitazama ile kamba. Nikakaa. Nikakunja mkeka wa wageni, nikawasindikiza ngazini, nikafungua daftari, nikaandika: Imepita merikebu ya milingoti mitatu. Bahari shwari. Hakuna chombo kingine.

Karibu na magharibi tukasikia kilio kutoka upande wa kusini. Wanaume watatu walikuwa wanakuja ufukweni kwa miguu, wamembeba wa nne ndani ya tanga. Aliyebebwa ni Shee Bakari, mtu wa kisiwa cha Kudhaa. Shee hakuwa mvuvi. Alikuwa fundi wa mashua, mshika tezo ya kuchongea mbao, mmoja wa wale ambao ubao huwasikiliza. Msimu ule hakuwa na chombo cha kuunda, akaona aende kutega jarife na ndugu zake. Alfajiri, wakivuta wavu wa papa, nyenga, samaki aina ya taa, akampiga mwiba wa mkia nyuma ya mguu. Damu ikawa inaruka. Wakamfunga kwa kamba ya wavu juu ya goti, wakaikaza, damu ikasimama, wakageuza mashua mbio kuja hospitali ya Kismayu. Kwa haraka ile wakalilemea tanga, foromali ikakatika wakiwa wameshaiona bandari kwa macho. Wakasimamisha kasia, wakafunga nguo, wakangoja lanchi, mpaka mkondo ukawatupa ufuoni nyuma ya rasi.

Hiyo kamba ya wavu ilikaa mguuni kutwa nzima. Daktari aliwaambia ndugu zake wazi: "Mngefika adhuhuri, mguu ungebaki." Wakaukata usiku ule, juu ya goti.

Baada ya siku chache kabiteni akaniita ofisini. Ndugu wa Shee walikuwapo, wamekaa benchi, hawajalala. Mmoja akasema waliuona mnara, hivyo mnara nao ungepaswa kuwaona. Kabiteni akafungua daftari, akasoma, akaniuliza, "Hukuwaona?"

"Jua lilikuwa machoni, kabiteni."

Nilisema hivyo, sikupepesa. Na walikuwa tayari kunishika, ndugu wale, lakini mkubwa wao, Kombo, akainua mkono. Akasema Shee amemtuma kutoka kitandani. "Shee asema msimlaumu Famau. Asema jua la saa nne analijua, hata yeye asingeona. Asema Famau alifundishwa na Mzee Lali, na mchu aliyefundishwa na Mzee Lali akiona huvuta."

Nadhani kuna watu waliokufa kwa aibu ndogo kuliko ile. Mimi niliitikia kwa kichwa, nikasema Mungu ampe afya. Na mnajua nilipotoka nje niliwaza nini? Nilimshukuru Mungu kwamba Mzee Lali amekwisha kufa. Aliyenipa kazi, aliyenishika sikio langu, na mimi nikashukuru kifo chake.

Jioni Bi Mwanaiki alikuja nyumbani kwetu. Hakuingia, alisimama mlangoni. "Nimesikia habari ya jua," akasema. "Wale walikuwa upande wa visiwa. Jua halikuwa huko." Binti yake alinipa, ahadi ilikuwa imeshatolewa na yeye hakuwa mtu wa kuvunja ahadi. Lakini kabla ya hapo alikuwa akiniita "baba" kama mama anavyomwita mwanawe, na tangu jioni ile mpaka tukamzika aliniita "Bwana Famau", mbele ya wanangu mwenyewe.

Husemwa njia ya mwongo ni fupi. Yangu haikuwa fupi hata kidogo. Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo, na nilikuwa hodari. Sikuwahi tena kuruhusu mtu mnarani. Nilivuta kamba kwa kila kitu, hata kwa gogo, hata kwa nyangumi, mpaka mwenye lanchi akawa ananilaani. Waliokuja nyuma yangu niliwafundisha nguo na kasia kwa ukali, niliwashika masikio. Serikali ikanipa cheti cha utumishi bora, na nikasimama jukwaani nikakipokea, watu wakapiga makofi. Shee alikuwapo miongoni mwao, amesimama na mkongojo wake. Alikuja mjini kila mwezi kununua misumari na pamba ya kalafati, maana fundi wa tezo hushika ubao kwa miguu miwili, na yeye sasa kazi iliyobaki ni ya kukaa: kuziba nyufa. Kila akiniona ananiita kutoka mbali, "Famau! Macho yako mazima?" Ndiyo maamkizi yake, hana nia mbaya. Nilijua siku zake za kuja, nikawa siku hizo napita njia ya nyuma ya soko.

Kisha mji ukaharibika kwa vita, mnajua wenyewe habari zake, mmezaliwa ndani ya habari zake. Mnara uliporwa mpaka mbao. Nikamchukua Esha na wanangu, tukapanda mashua usiku tusijue tunakwenda wapi, na asubuhi tukashuka Kudhaa, hatuna hata sufuria. Kwenye ufuo wa Kudhaa watu walisimama kututazama. Aliyetoka mbele ni Shee, na mkongojo wake. "Famau wa Mzee Lali huyu," akawaambia wenzake. "Watoto wake ni wangu." Akatupa chumba. Akatupa samaki wake na unga wake. Wanangu wakawa wanagombania kukalia paja lake, lile zima.

Siku arobaini nilikula chakula cha mtu yule. Nilikuwa nikikaa sahanini naye, mkono wangu na mkono wake kwenye wali mmoja, na kila kipande cha samaki namsukumia yeye. Esha alijua kwa nini. Siku moja tu, akinawisha watoto, alisema bila kunitazama, "Mama yangu alikufa akingoja useme."

Nikaenda. Ilikuwa asubuhi, Shee amekaa mchangani kando ya mashua iliyopinduliwa, anapigilia pamba kwenye ufa kwa nyundo ya mbao, tok, tok, tok. Nikakaa mbele yake.

"Shee, siku ile niliona."

Akaendelea kupiga. "Uliona nini?"

"Kasia. Nguo nyekundu. Tanga chini na foromali imekatika. Niliona vizuri, saa nne. Jua halikuwa machoni mwangu. Na mlipopita rasi ningeweza bado kuvuta kamba, sikuvuta, niliogopa kuulizwa."

Nyundo ikasimama. Alinitazama, nami nikajilazimisha nisiinamishe kichwa, ingawa nilitaka kujizika mchangani. Nilikuwa nimejitayarisha kwa lolote: anipige na mkongojo, anitoe kisiwani na wanangu, aite ndugu zake. Hata nilitamani.

"Ulikuwa unatazama nini?" akauliza.

"Merikebu."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi nilikuwa nimelazwa ndani ya mashua, chini kabisa, mguu umepandishwa juu. Niliwasikia ndugu zangu wakisema, lo, merikebu hiyo! Kombo aliacha kupiga kasia akaitazama, na mimi nakufa. Nikawaambia niinueni na mimi nione. Wakasema lala, kamba italegea. Sikuiona." Akafuta nyundo kwa kiganja. "Nieleze, Famau. Mguu umekwenda. Angalau nijue ulikwendea nini."

Nikamweleza. Sikuwa na la kufanya jingine. Nikamweleza milingoti mitatu na urefu wake, weupe wake, matanga yalivyopangwa moja juu ya jingine, vijana waliotembea juu ya foromali bila kushika kitu, jinsi ilivyopita kimya na mji mzima ukipiga kelele. Nilieleza kila kitu nilichokiona, sikuongeza wala sikupunguza, na safari hii sikulipa tanga lolote jina la uongo. Alisikiliza amefumba macho.

Nilipomaliza akafumbua. "Ndiyo hiyo tu?"

"Ndiyo hiyo tu."

Akachukua pamba, akaisokota, akaitia kwenye ufa. "Nilidhani ilikuwa nzuri kuliko hivyo," akasema, na akaendelea kupiga.